Ukinunua kaktasi mpakani, uliza jina kabla ya bei

MWEZI uliopita nilisimama kando ya barabara mjini Busia, upande wa Uganda, mbele ya kijana aliyekuwa amepanga mimea yake juu ya kreti za soda. Nilichagua vyungu vitano vidogo vya plastiki, kila kimoja kikiwa na mmea usiozidi ngumi ya mtoto. Nilipomuuliza majina ya mimea hiyo, aliniangalia kana kwamba nimemuuliza jina la kila punje ya mahindi ndani ya gunia.

"Mama, hizi zote ni kaktasi tu," akanijibu. "Ni elfu tano tano. Ukichukua sita nakupunguzia."

Nilizichukua zile tano. Jioni, nikiwa nyumbani Iyolwa katika wilaya ya Tororo, nilizipanga barazani na kuzitazama moja baada ya nyingine kwa miwani. Tatu zilikuwa kaktasi. Ya nne haikuwa kaktasi kamwe, bali mmea wa jamii nyingine wenye maziwa makali. Ya tano ilikuwa kaktasi mbili zilizounganishwa shingoni, na juu yake pamegundishwa ua kavu ambalo halikuota pale.

Ndugu msomaji, ni jibu lile la "kaktasi tu" lililonifanya nishike kalamu leo. Wengi wetu tunaoishi kwa kuvuka mpaka huu, na wengi waliorudi nyumbani baada ya miaka mingi ugenini, tumeanza kupamba baraza zetu kwa mimea hii midogo ya miiba. Ni jambo jema. Lakini tunanunua bila kujua tunachonunua, na ujinga huo una gharama. Mimi nimewahi kuilipa.

Nilirudi Iyolwa mapema mwaka wa 2008, baada ya miaka kumi na minne ya kuuza mitumba mjini Eldoret. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya zilituvusha wengi mpaka huu, Waganda na Wakenya kwa pamoja. Baadhi ya Wakenya walipokelewa katika kambi ya Mulanda, hapa hapa wilayani Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Kwetu Eldoret niliacha ua lililojaa waridi na maua ya kila rangi. Nilichobeba ni mtoto, furushi la nguo na kikopo kimoja chenye kaktasi, kwa kuwa kilitosha mfukoni mwa koti.

Kaktasi ile ilikaa karibu miezi miwili bila kuonja maji. Haikufa. Ilinywea, ikakunjamana kama uso wa bibi kizee, kisha mvua za Machi ziliponyesha ikajaa tena. Tangu siku hiyo sijaacha kuzikusanya. Leo nina vyungu thelathini na tisa.

Nadhani ndiyo sababu mimea hii imetupendeza sisi watu wa mpakani. Mchuuzi huondoka alfajiri na mzigo wake, akapitia Malaba, akalala Bungoma au Kisumu, na pengine asirudi kwa siku kumi. Waridi halimsubiri mtu wa namna hiyo. Kaktasi humsubiri. Vilevile, aliyerudi kutoka Nairobi, Juba au nchi za Ghuba akajenga nyumba yake ya matofali hupenda kuweka barazani kitu kinachoonyesha kwamba amefika na amekaa.

Ndiposa biashara hii imekua. Zamani ulilazimika kwenda Kampala au Nairobi kupata chungu kimoja. Siku hizi vijana wenye vitalu vya miche wanaziuza kando ya barabara pamoja na miche ya miembe na parachichi. Tofauti ni kwamba mche wa parachichi una jina, na muuzaji atakuambia kama ni Hass au Fuerte. Kaktasi haina jina. Ni "kaktasi tu".

Sasa nieleze gharama niliyolipa. Miaka mitatu iliyopita nilinunua mmea mwembamba wenye pembe tatu, majani madogo yakiwa yamejipanga ukingoni pamoja na miiba. Niliuziwa kama kaktasi nami nikaamini. Ulikua haraka, ukanifika kiunoni, nami nikajivunia mkono wangu.

Siku moja mjukuu wangu wa miaka minne alikuwa akicheza mpira barazani. Mpira ulivunja tawi. Mtoto akaliokota, maziwa meupe yakamtiririkia vidoleni, kisha akajisugua jicho. Kilio alichopiga kilileta majirani wa boma tatu.

Tulimwosha kwa maji ya mtungi kwa dakika chache tu, kisha tukampakia kwenye boda boda hadi kituo cha afya. Muuguzi aliniuliza, "Mama, ni mmea gani uliomuumiza?" Nami nikajibu kwa ujasiri, "Ni kaktasi tu."

Kwa jibu langu hilo, muuguzi alifanya jambo ambalo yeyote angelifanya. Alianza kutafuta mwiba. Aliligeuza kope la mtoto, akamulika kwa tochi, akatafuta tena. Muda huo wote maziwa yalikuwa yakiendelea kuunguza jicho. Mpaka mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa ametufuata akiwa na lile tawi ndani ya mfuko wa plastiki, alipolitoa na kusema, "Huyu si mgeni. Huyu ni ndugu wa ule mti wa uani wenye maziwa. Mwosheni mtoto!" Hapo ndipo maji yalipoanza kumwagwa kwa wingi.

Mjukuu wangu alipona baada ya wiki mbili, namshukuru Mungu. Lakini sijasahau kwamba kilichomchelewesha hakikuwa umbali wala ukosefu wa dawa. Kilichomchelewesha ni jina lisilo sahihi, na jina hilo lilitoka kinywani mwangu.

Tawi lile lilikuwa la yuforbia ambayo wataalamu huiita Euphorbia trigona. Tangu siku hiyo niliamua kwamba mmea hauingii barazani kwangu mpaka nijue ni wa jamii gani. Niliyojifunza ni machache, lakini yanatosha kumkinga mtu.

Kwanza, kaktasi halisi, ambayo katika Kiswahili sanifu huitwa dungusi kakati, asili yake ni mabara ya Amerika, kuanzia Kanada hadi kusini kabisa mwa Argentina na Chile. Aina zake ni zaidi ya 1,500. Huku Afrika tuna moja tu inayomea yenyewe tangu kale, nayo ni Rhipsalis baccifera. Hiyo huning'inia juu ya miti katika misitu yenye unyevu, ikikomaa haina miiba, na matunda yake madogo meupe husambazwa na ndege. Kwa hivyo kaktasi pekee ya asili ya bara letu haifanani hata kidogo na kile tunachokiita kaktasi!

Pili, mimea mingi ya miiba na shina nene tunayoiona porini kwetu ni yuforbia. Waluo huuita bondo ule mti mkubwa wenye matawi yanayoinuka kama kinara cha mishumaa, na huuita ojuok ule wa uani wenye vijiti vya kijani vilivyo kama penseli. Watanzania huuita huo wa pili manyara. Yuforbia ni jamii moja na muhogo na mbarika. Haina undugu wa karibu na kaktasi. Zimefanana kwa sababu zote mbili zilikulia kwenye ukame, na ukame huwavalisha watoto wake sare moja: shina la kuweka maji, majani machache au kutokuwa nayo kabisa, na miiba ya kujilinda.

Basi utazitenganishaje? Watu wengi watakuambia uchome mmea na ukitoa maziwa ni yuforbia. Shauri hilo lina kasoro mbili. Mosi, unajiweka hatarini. Pili, ziko kaktasi fulani, hasa katika kundi la Mammillaria, ambazo nazo hutoa maji meupe zikikatwa, ingawa si makali kama ya yuforbia.

Alama ya kuaminika ni mahali mwiba unapotokea. Kwenye kaktasi, miiba yote hutoka katika kidoa kidogo chenye manyoya kama pamba. Wataalamu hukiita areoli. Fikiria kitakia cha fundi cherehani kilichochomekwa sindano kadhaa. Hata kaktasi isiyo na miiba ina vitakia hivyo, na ua lake pia hutokea hapo au jirani na hapo.

Kwenye yuforbia hakuna kitakia. Aghalabu miiba hutoka miwili miwili kama pembe za mbuzi, ikiwa imekaa juu ya kigamba kigumu kisicho na manyoya. Ua lake nalo ni dogo, la manjano au kijani, wala huwezi kulitambua kwa haraka. Ua la kaktasi ni la fahari, lenye petali nyingi na nyuzi nyingi za chavua katikati.

Tumia miwani ya kusomea au kioo cha kukuzia. Inatosha. Huhitaji kuchoma wala kukata chochote. Ukiwa na shaka, chukulia kwamba mmea una maziwa makali na uuweke mbali na watoto. Maziwa yakiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika kumi na tano, usisugue, usitie dawa ya kujitungia, kisha mpeleke mgonjwa kwa daktari na tawi lenyewe, likiwa limefungwa vizuri.

Ukishajua kwamba ulichonacho ni kaktasi, kazi ya kutafuta jina lenyewe ndiyo inaanza, na nakiri hii ndiyo raha yangu kubwa. Wengine hucheza bao jioni. Mimi huhesabu mbavu za kaktasi.

Ukiona mmea umejaa vichuguu vidogo vilivyojipanga kwa mizunguko, na maua yake yanauzunguka utosi kama taji, yaelekea ni Mammillaria, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya chuchu. Ukiona mbavu zenye kijidevu chini ya kila kitakia, na machipukizi ya maua yaliyo laini bila nywele wala miiba, hiyo ni Gymnocalycium. Maua yakitokea chini karibu na udongo, fikiria Rebutia. Yakiwa marefu kama tarumbeta na yametoka ubavuni, huenda ni Echinopsis.

Lakini jihadhari na haraka. Moja kati ya zile tano nilizonunua mwezi uliopita niliandika kwanza kuwa ni Mammillaria, kwa sababu ya vichuguu vyake. Siku tatu baadaye nilitambua miiba ya rangi ya dhahabu na jinsi vichuguu vilivyoanza kujipanga kwa mistari. Ilikuwa ni mtoto wa Echinocactus grusonii, ile kaktasi ya duara inayopandwa mbele ya mahoteli na benki. Inapokuwa changa haina mbavu, hivyo humdanganya mtazamaji. Ikikua yaweza kufikia karibu mita moja kwa upana! Ningeipangia chungu cha kikombe, miaka michache mbele ingenipasulia kila kitu.

Hapo ndipo utaona kwamba jina si pambo. Jina hukuambia mmea utakuwa mkubwa kiasi gani, unataka jua kali au kivuli, na unywe maji mara ngapi. Kwetu Iyolwa tuna misimu miwili ya mvua, na kaktasi nyingi za barazani hufa kwa kuoza kuliko kwa kiu. Aina za jangwani zataka udongo wenye mchanga na kokoto na paa la kuzikinga mvua. Lakini ziko kaktasi za msituni zinazotaka kivuli na unyevu, nazo ukizitunza kama za jangwani utaziua ukidhani unazipenda.

Kuna pia ulaghai, ambao huota pale jina linapokosekana. Ua kavu lililogundishwa ni mfano mmoja. Ua halisi la kaktasi hufunguka na kunyauka, mara nyingi ndani ya siku chache. Ukiambiwa kwamba ua limekaa miezi mitatu bila kubadilika, lisogeze taratibu kwa kijiti na utaona gundi.

Mfano wa pili ni zile zenye kichwa chekundu au cha manjano juu ya kijiti cha kijani. Hiyo si aina ya ajabu. Ni kaktasi mbili zilizopandikizwa. Kile kichwa ni Gymnocalycium mihanovichii iliyokosa chembe za kijani, na Wajapani ndio walioanza kuistawisha katika miaka ya 1940. Kwa kuwa haiwezi kujitengenezea chakula, hulishwa na ile ya chini. Ukikitenganisha kichwa na kukipanda peke yake kitakufa, na hata ukiziacha pamoja, aghalabu hazidumu miaka mingi. Si dhambi kuiuza. Ila mnunuzi aambiwe.

Mtu ataniuliza, mbona usitumie simu? Siku hizi zipo programu za kupiga picha mmea na kupewa jina. Nazitumia. Zinasaidia kupunguza dhana, lakini kwa kaktasi changa isiyo na ua hukosea mara nyingi. Programu moja ilinipa majina matatu kwa mmea mmoja kwa asubuhi moja. Ichukulie kama jirani anayejua kidogo, wala usiifanye hakimu. Hakimu ni ua, na ua halina haraka.

Kwa hiyo weka daftari. Andika siku uliyonunua, mahali, bei na jina uliloambiwa. Hesabu mbavu, hesabu miiba ya pembeni na ya katikati katika kitakia kimoja. Mmea ukitoa ua, andika tarehe na rangi. Ukishindwa kabisa, hifadhi za mimea zipo: Makerere kwa upande wetu, na ile ya Afrika Mashariki iliyo kwenye Makavazi ya Kitaifa mjini Nairobi, ambayo ilianzia Amani nchini Tanzania. Wataalamu wa huko wamezoea maswali ya namna hii.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba jambo hili ni la baraza yangu na yako tu. Sivyo. Mmea usio na jina unaweza kuwa balaa la kijiji kizima.

Waulize wafugaji wa Laikipia. Mpungate, ile kaktasi yenye matawi bapa kama sahani, ililetwa huko wakati wa ukoloni ili iwe ua na pambo. Leo umevamia malisho kwa maelfu ya ekari. Ndovu, nyani na ndege hula matunda na kusambaza mbegu. Mbuzi na ng'ombe wanaoyala huumia midomo, fizi na matumbo kwa vimiiba vidogo visivyoonekana, na wengine hupofuka. Imebidi waletwe wadudu maalumu wanaofyonza mmea huo ili kuupunguza nguvu.

Hata mataifa makubwa yamewahi kupigishwa magoti. Nchini Australia mpungate ulifunika takriban hekta milioni 24 kufikia mwaka wa 1925, na wakulima wakahama mashamba yao. Uliokoa nchi hiyo ni nondo mmoja mdogo kutoka Argentina, ambaye viwavi wake hula mpungate.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Sisi tunaokula samaki wa Ziwa Victoria tunayakumbuka magugumaji ya miaka ya 1990 yalivyofunga bandari na kuzuia mitumbwi. Nayo yalitoka Amerika Kusini, nayo yalisambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri. Wakazi wa Baringo nao wana kilio chao kuhusu mti wa mathenge. Kila mara hadithi ni moja: mgeni mzuri, hakuna aliyemuuliza jina wala tabia, akakaribishwa ndani.

Katika zile kaktasi tano zangu, moja ni Opuntia microdasys, ambayo wengi huiita masikio ya sungura. Ni ndugu wa mpungate wa Laikipia. Haina miiba mirefu, na hilo ndilo humfanya mama amruhusu mtoto aishike. Lakini vitakia vyake vimejaa vimiiba vidogo kama unywele, vyenye ncha za ndoana, ambavyo huingia vidoleni kwa mamia. Nimeiweka chunguni mahali pa juu, na kipande chake kikivunjika nakichoma moto. Sikitupi kwenye jalala, wala sikipandi ukingoni mwa shamba. Nisingelijua jina lake, pengine sasa ingekuwa ua wa mbuzi wangu.

Halafu kuna suala la mpaka wenyewe, na hapa nawasemesha wachuuzi wenzangu. Wengi wetu tumezoea utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambapo bidhaa zilizo kwenye orodha zenye thamani isiyozidi dola 2,000 hupita kwa cheti rahisi cha asili. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi mwaka wa 2018, kazi imekuwa nyepesi zaidi. Lakini cheti hicho hakiondoi sheria za afya ya mimea. Mche ulio na udongo na mizizi unaweza kubeba wadudu na magonjwa, kwa hivyo huhitaji kibali na ukaguzi, KEPHIS kwa upande wa Kenya na Wizara ya Kilimo kwa upande wa Uganda.

Isitoshe, karibu jamii yote ya kaktasi imo katika mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Mkataba huo ulitiwa saini mwaka wa 1973. Kenya ilijiunga mwaka wa 1978 na Uganda mwaka wa 1991. Yuforbia za shina nene zimo pia, na mishubiri yote imo isipokuwa Aloe vera. Kwa upande mwingine, baadhi ya aina zilizostawishwa na watunza bustani, kama ile ya kichwa chekundu, zimeachwa nje.

Je, unaona ugumu? Afisa anakuuliza ni mmea gani. Ukijibu "kaktasi tu", unakuwa umemwambia kwamba wabeba kitu kilicho kwenye mkataba na hujui ni kipi. Rafiki yangu mmoja alijibu hivyo, akaacha kreti nzima pale pale. Alilaumu afisa. Mimi nilimwambia alaumu ulimi wake, kisha aende akaulizie vibali kabla ya safari nyingine.

Mkataba huo haukuwekwa ili kuwasumbua akina mama wa Busia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 31 ya aina za kaktasi ziko katika hatari ya kutoweka, na moja ya sababu kuu ni watu kuzing'oa porini ili kuziuza kwa wakusanyaji. Ile ya dhahabu niliyoitaja imejaa mahotelini duniani kote, ilhali kwao Mexico iko hatarini. Mkusanyaji mwaminifu hununua iliyooteshwa kitaluni. Atajuaje kama hata jina halijui?

Najua pingamizi litakalotolewa. Muuzaji atasema, "Mama, haya majina ya Kilatini ni ya maprofesa. Mimi natafuta unga." Namwelewa, kwani nami natafuta unga. Lakini sikubali kwamba majina ni ya maprofesa. Sisi watu wa mpakani ndio mabingwa wa majina. Nani huuza "maharagwe tu" Busia? Tunauza nambale, tunauza rozikoko, tunauza ya manjano, na kila moja ina bei yake. Nani huuza "mitumba tu"? Tunajua kamera ni ipi na fagia ni ipi kabla hata bunda halijafunguliwa vizuri. Hata neno boda boda, linalotumika sasa Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapa kwa watu waliokuwa wakivushwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Watu waliozipa jina pikipiki za kanda nzima hawashindwi na vyungu vitano.

Jina ni fedha. Mmea wenye kibandiko cha jina huuzwa kwa bei ya juu kuliko usio na jina, kwa sababu mnunuzi anajua anachopeleka nyumbani na atarudi kutafuta mwingine. Asiye na jina huuza mara moja tu.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Wauzaji waandike jina kwenye kila chungu, hata kwa kalamu juu ya kipande cha plastiki, na wakishindwa waandike angalau kama ni kaktasi au yuforbia. Maafisa wa mimea walioko Busia na Malaba wabandike ukutani picha za mimea inayokatazwa na ile inayohitaji kibali, kwa Kiswahili na kwa lugha za hapa, badala ya kungoja kutunyang'anya. Na sisi wanunuzi tukatae kununua "kaktasi tu". Sokoni, asichokiuliza mnunuzi muuzaji hana haja ya kukijua.

Wiki jana nilirudi kwa yule kijana wa kreti za soda. Nilimpelekea karatasi yenye majina ya mimea yake mitano, na chini ya ile yenye maziwa nikaandika kwa herufi kubwa: HATARI KWA MACHO. Aliisoma polepole, akacheka majina kadhaa, kisha akaomba nimwachie kalamu.

Nilipopita tena juzi, vyungu vyote vilikuwa na vibandiko. Ile yuforbia alikuwa ameiweka kando, juu, mbali na mikono ya watoto. Bei nazo zilikuwa zimepanda hadi elfu saba. Nilinunua moja, wala sikuomba kupunguziwa.